Kengele ya Kitanda cha Sita

Macho ndiyo yaliyonistaafisha. Hapakuwa na barua wala sherehe. Siku moja mabano mawili kwenye skrini yalikuwa manne, nikayatazama kwa muda, nikaona kuwa hii sasa ni kazi ya mwenye macho. Ninyi wa kile chumba cha Ukunda, ambako nilikuwa nikija kuwasumbua kwa maswali, mmeniomba niandike nilichojifunza. Sitaandika yote. Mengi niliyoyajua yamekwisha kupitwa, na yaliyosalia mtayakuta kwenye maelekezo, mkiwa na subira ya kuyasoma, jambo ambalo sijaliona bado. Nitaandika juu ya kitu kimoja nilichokipenda kuliko vingine, nacho ni kuipa wijeti ishara yake yenyewe.

Kwa atakayesoma hii naye si fundi, wijeti ni kila kijitu unachokiona kwenye skrini ya programu: kitufe, kisanduku cha kuandikia, orodha, kalenda. Waliozitengeneza wamezipa ishara chache za kuzaliwa nazo. Kitufe kinajua kusema kimebonyezwa. Kisanduku kinajua kusema kimeandikwa. Ukitaka zaidi ya hapo, ni juu yako kuifundisha.

Nilizaliwa Tiwi, nikaacha shule darasa la sita. Mwalimu alituambia kuwa ndani ya redio hamna watu, nami nikataka kuhakikisha. Redio ilikuwa ya shule. Baada ya hapo nilibangua korosho, nikafanya kazi kwenye mtambo wa barafu Msambweni, nikapima miwa kiwandani, nikakaa Funzi nikitengeneza injini za boti za watalii, kisha nikapata kazi Diani kwenye hoteli, kuangalia simu za vyumbani. Hata pahali pamoja sikufukuzwa. Ila nikishakijua kitu kinavyofanya kazi, nyayo zinaanza kuniwasha. Marehemu mke wangu alikuwa akisema kuwa mimi nyumbani nimekuja kuuliza njia tu.

Kompyuta ndiyo iliyonifunga. Hoteli ilikuwa ikitupa moja mbovu, nikaiomba, nikaifungua kama nilivyoifungua ile redio. Tofauti ni kwamba redio ina mwisho. Hii nilikuwa kila nikifika ukutani nakuta mlango mwingine. Nilikuwa nimeshapita miaka arubaini, na kwa mara ya kwanza nikakaa kitako.

Aliyenifundisha kuandika programu za skrini ni Achieng', binti aliyetoka Kisumu akafungua chumba cha kompyuta Ukunda, nyuma ya duka la vitambaa. Kwa umri ningeweza kumzaa. Alikuwa akiniita mzee, nami nikimwita mwalimu, na kila mmoja alikuwa akimaanisha. Siku ya kwanza aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nilipomwambia, akasema basi hakuna cha kufuta, tunaanza moja kwa moja.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kalenda ya nyumba za wageni pale Tiwi, nyumba ndogo ndogo za kando ya bahari. Kila siku ya mwezi ilikuwa kisanduku kwenye skrini. Ukigusa siku, jina la mgeni liingie kwenye orodha, rangi ibadilike, fomu ya kumwandikisha ichapwe, na mpishi aone kwenye skrini yake kuwa kuna mgeni. Mimi niliandika yote hayo ndani ya kile kisanduku. Kisanduku cha siku kilikuwa kinaijua orodha, kinaijua mashine ya kuchapa, kinamjua mpishi. Kikafanya kazi. Kisha wenye nyumba wakaiondoa ile skrini ya jikoni, na kalenda nzima ikafa, kwa sababu kila kisanduku kilikuwa kikimtafuta mpishi na hakimpati.

Achieng' alisoma mistari yangu kimya, akasukuma kiti nyuma.

"Mzee, hiki kisanduku ni mbea. Kinajua shughuli za kila mtu mtaani."

"Sasa nikifanyeje?"

"Kiseme lake tu. Kiseme siku imechukuliwa, kinyamaze. Mwenye shughuli atasikia, atajua la kufanya."

Ndipo aliponionyesha. Pale juu, mahali unapoieleza aina yako mpya ya wijeti, unaandika jina la ishara na vitu itakavyobeba. Ya kwangu ilibeba tarehe na jina la mgeni. Chini yake, pale mambo yanapobadilika kweli, unaitoa ile ishara, mstari mmoja tu. Kisha huko nje, mbali na kisanduku, unawaunganisha wanaotaka kusikia: orodha, rangi, mashine ya kuchapa. Kisanduku hakiwajui. Kinasema, basi.

Mimi jina la kwanza nililoipa ishara ile lilikuwa "chapa fomu". Achieng' akacheka mpaka akafuta miwani. Akaniambia kuwa hiyo si habari, hiyo ni amri, na kisanduku cha siku si bosi wa mtu. Ishara ipewe jina la lililotokea, lisiwe la unalotaka wengine wafanye. Nikaiita "siku imechukuliwa". Hili liwekeni moyoni, maana nimewaona baadhi yenu mnaandika amri na mnaziita ishara.

Wiki ile sikulala vizuri kwa utamu. Nilitaka kujua kila kitu. Wasikilizaji wakiwa wawili, nani anaanza? Aliyeunganishwa kwanza. Akiwa wa kwanza mzito, wa pili anafanya nini? Anangoja, na skrini nzima inangoja naye. Mashine ya kuchapa ilinifundisha hilo, ikakwama na karatasi na kalenda ikaganda kama samaki wa barafu. Nikiunganisha msikilizaji mmoja mara mbili? Anaitikia mara mbili, na mgeni mmoja anapata vitanda viwili. Na kama hakuna msikilizaji hata mmoja? Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Hakuna kosa. Hakuna onyo. Ishara inatoka, inapotea, programu inaendelea na safari yake kana kwamba hakukusemwa neno. Nilimwuliza Achieng' kama hiyo si hatari. Akasema ni hatari, na ndiyo faida yake pia, chagua. Sikuchagua. Nilikuwa na furaha mno.

Miaka ikapita, nikatengeneza nyingine nyingi. Nitaziruka, nifike kwenye ile ninayoulizwa na wachache wanaoijua, na wengine wamekuwa wakiona haya kuniuliza.

Upande wa Msambweni palikuwa na kliniki ndogo ya akina mama wanaojifungua, vitanda vinane. Sitaitaja. Daktari mwenye kliniki alitaka kila kitanda kiwe na kitufe cha kamba, mama akikibonyeza, mezani kwa wauguzi kengele ilie na skrini ionyeshe ni kitanda gani. Nyaya nilizifunga mwenyewe. Kwenye skrini nilitengeneza wijeti yangu, kadi moja kwa kila kitanda, yenye jina la mama na rangi. Kadi niliipa ishara niliyoiita "anaita", inayobeba namba ya kitanda na saa. Spika ya mezani iliunganishwa nayo, na daftari la matukio pia, ambalo lilikuwa likiandika kila kilichotokea. Muuguzi akigusa kadi kwenye skrini, kengele inanyamaza na daftari linaandika kuwa amejibiwa.

Palibaki swali moja. Mama akibonyeza na hakuna aliyekuja, kengele ilie mara ngapi? Hakuna aliyenipa jibu. Wauguzi walisema tu isiwe kelele, watoto wanaamka. Basi nikafanya kama nilivyofunzwa utotoni, tangu chuo cha Kurani nikiwa na kanzu ya kuazima. Ukienda nyumba ya mtu unapiga hodi mara tatu, kwa kituo, na usipoitikiwa unarudi zako. Kuendelea ni ukosefu wa adabu. Nikaweka saa ndani ya kadi: itoe ishara, ingoje kidogo, itoe tena, na baada ya ya tatu inyamaze. Mama akitaka, abonyeze upya. Niliona nimefanya jambo zuri, la kistaarabu. Nakumbuka hata nilimweleza Achieng' kwa simu, naye akaniambia ni mtindo mzuri. Yeye wa Kisumu, akadhani pwani tunajua tunalolifanya.

Ilifanya kazi miezi kadhaa bila lawama.

Siku ile ilikuwa baada ya adhuhuri. Zamu ilikuwa na wauguzi wawili, na mmoja alikuwa amempeleka mama wa upasuaji hospitali kubwa kwa ambulansi. Aliyebaki ni Sista Nafula, kijana wa Bungoma, mwaka wake wa pili pwani. Alikuwa leba na mama aliyekuwa anasukuma. Kitanda cha sita alikuwa amelala Mejumaa, wa Kinondo, aliyejifungua asubuhi. Akaanza kutoka damu. Akabonyeza. Mpishi wa kliniki, aliyeingia na uji, ndiye aliyeona shuka, akaenda kugonga mlango wa leba kwa birika. Nafula alitoka, akamwekea dripu, akamkanda tumbo, akamwita daktari nyumbani kwake. Mejumaa alipona, Alhamdulillahi. Alipona kwa sababu uji ulikuwa tayari mapema siku hiyo.

Kesho yake daktari aliniita. Nilidhani ananiita kunishukuru kwa jambo fulani. Mtu huwa na matumaini ya ajabu. Juu ya meza palikuwa na barua ya kumwachisha kazi Nafula, imeshachapwa, na alitaka nimtolee ukurasa wa daftari la matukio niutie sahihi kuwa ni wa kweli. Nikautoa. Uliandika hivi: kitanda cha sita, anaita, mara tatu, hakuna jibu.

"Umeona," daktari akasema. "Ameitwa mara tatu. Mara tatu, mzee Bakari. Mtu wa namna hii nimweke wa nini?"

Nafula alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Alisema maneno machache tu. Alisema kengele aliisikia kwa mbali, mikono yake ikiwa kwenye kichwa cha mtoto, na ilipokata alijua mwenzake amerudi na ameitikia. Daktari akamwambia kuwa hiyo ni hadithi.

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Ule ukurasa ulikuwa wa kweli, kila neno. Lakini kuna kitu kiliniwasha, si nyayoni mara hii. Nikaomba niende wodini kidogo kuangalia waya.

Mejumaa alikuwa ameegemea mto, mtoto pembeni, rangi imeanza kumrudia. Akaniamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Nishapoa."

Nikamwuliza alibonyeza mara ngapi. Akasema mara moja. Nikamwuliza kwa nini hakubonyeza tena alipoona hakuna anayekuja. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakula sahani.

"Ililia mara tatu ikanyamaza, baba. Si wamesikia? Mimi nikawa nawangoja."

Nikaangalia waya, ambao haukuwa na tatizo.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na nitawaeleza kama ninavyolielewa. Mimi nilipoandika kimya baada ya tatu, nilimaanisha kuwa hakuna mtu. Mejumaa alisikia kimya kile kile, akaelewa kuwa wanakuja. Nafula alikisikia, akaelewa kuwa mwenzake amefika. Kadi ilikuwa na njia moja tu ya kunyamaza, kwa mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi: kujibiwa na kukata tamaa. Na daftari ndilo peke yake lililojua tofauti, nalo halina mdomo.

Pale pale wodini nikauliza pia kitu kingine, kwa udadisi tu, maana ndivyo nilivyo hata nikiwa na aibu. Nilimwuliza Mejumaa kama angekuwa mlangoni kwa mtu, akapiga hodi mara tatu kukawa kimya, angeelewaje. Akasema angerudi kwao. Sasa hapa? Akasema, "Hodi ni ya mgeni, baba. Mimi nilikuwa mgonjwa."

Nilirudi ofisini. Daktari alikuwa bado na barua mbele yake, Nafula bado mlangoni. Nadhani hakuwa ameruhusiwa kuondoka wala kukaa. Nikamwambia daktari kuwa ukurasa ni wa kweli ila sitautia sahihi, kwa sababu haukuandika yote. Akauliza umekosa nini.

"Haukuandika kuwa kengele iliacha kuita. Iliacha na mama bado anatoka damu."

"Mashine ilikufa?"

"Haikufa. Mimi ndiye niliyeifunza inyamaze baada ya tatu."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna. Niliona ni adabu."

Daktari alikuwa mtu wa haki, ila wa hasira, na nilikuwa nimempokonya mahali pa kuiweka hasira yake, basi akaiweka kwangu. Aliniambia maneno ambayo sitayaandika, na ambayo hayakuwa na kosa lolote. Mwisho akasema ning'oe nyaya zangu zote jioni hiyo hiyo, watarudi kwenye kengele ya mkono. Barua akaikunja mara mbili akaitia kwenye droo. Hakuichana. Nafula aliiona ikiingia kwenye droo, nami nikamwona akiiona.

Nikaanza kukusanya vyombo. Nikiwa nimeinama chini ya meza ya wauguzi, nikaona viatu vyeupe.

"Mzee, usiing'oe," Nafula akasema. "Kengele ya mkono mama aliyezimia hawezi kuipiga. Hii akiwahi kuibonyeza mara moja tu kabla hajazimia, inatosha. Itengeneze."

Nikamwambia kuwa daktari ameshasema. Akasema kwa daktari ataenda yeye, mimi nishughulike na lililo langu. Akaenda. Sikusikia waliyoongea, mlango ulifungwa na ulikaa umefungwa. Alipotoka alisema tumepewa mpaka kesho adhuhuri, na kwamba barua bado iko drooni.

Matengenezo yenyewe yalikuwa madogo, na hilo lilinitia uchungu zaidi. Kadi niliipa ishara ya pili, nikaiita "amefikiwa". Ile ya kwanza, "anaita", niliiondolea ukomo. Inatoka, inatoka, inatoka. Na "amefikiwa" haitoki kwa saa, haitoki kwa kubonyeza skrini, haitoki kwa mtu kukaa mezani akanyoosha kidole. Nilifunga kitufe cha pili ukutani, ubavuni mwa kila kitanda, juu kidogo, mahali ambapo mama aliyelala hafiki. Anayetaka kengele inyamaze lazima awe amesimama pale, anamwona mama. Spika ya pili niliiweka leba, sauti ya chini. Wasikilizaji wa "anaita" wakawa watatu, na programu ikiwaka nikaifanya iwahesabu kabla ya kitu kingine chochote. Wakipungua, haifunguki kimya kimya, inasema. Lile swali nililolipuuza kwa Achieng', la ishara isiyo na msikilizaji, nilikuwa nimelijibu hatimaye, kwa kuchelewa.

Ujumbe ninaowaachia kama mafundi ni huu. Mnapotengeneza ishara yenu, msiishie kuuliza itatoka lini. Ulizeni itakoma lini, na nani atakuwa ameikomesha, na aliyelala upande wa pili ataelewa nini ikikoma.

Kesho yake kabla ya adhuhuri tulikuwa tayari. Mejumaa alikuwa amekwisha kuchukuliwa na watu wake kwenda Kinondo, kitanda cha sita kimetandikwa shuka safi. Nilimwambia Nafula kuwa nimejaribu kila kadi na zote ziko sawa. Akasema anataka kujaribu yeye. Akaenda wodini, akapanda kitanda cha sita na viatu vyake, akalala chali, akaniambia kwa sauti nikae mezani kwenye kiti cha wauguzi. Nikakaa. Daktari alitoka ofisini kwake akasimama, mikono mifukoni.

Akabonyeza. Kadi ya sita ikawa nyekundu. Kengele ikalia mara moja, ikangoja, ikalia ya pili, ikangoja, ikalia ya tatu. Pale baada ya ya tatu nilishika ukingo wa meza. Ikalia ya nne. Ya tano. Mtoto mmoja akaamka akaanza kulia, kisha mwingine. Ya nane, ya tisa. Ilikuwa sauti ya kuudhi kweli, haina adabu hata kidogo, na kila ilipolia nilijua vile ingekuwa imelia siku ile.

Nilipaza sauti nikamwambia kuwa inatosha, inafanya kazi, tumeona sote. Kutoka wodini akajibu, hana haraka:

"Sijafikiwa bado."

Nikamtazama daktari. Akanielekeza kwenye korido kwa kidevu. Nikainuka. Ndipo nilipogundua kuwa miezi yote ile, na nyaya zote zile nilizozivuta nikiwa juu ya ngazi na uso wangu darini, sikuwahi kutembea kutoka kiti cha muuguzi mpaka kitanda cha sita. Ni mbali kuliko inavyoonekana kwenye skrini, ambako kadi zinagusana. Unapita kabati ya dawa, unapita mlango wa leba, sakafu inateleza, unakata kona. Kengele ikawa inanifuata.

Nafula alikuwa amelala macho darini, mkono mmoja juu ya tumbo kama mama wa kweli. Hakugeuka kunitazama. Nilisimama ubavuni mwake mpaka nikamwona vizuri, uso wake, na jasho dogo juu ya mdomo, kisha nikanyoosha mkono ukutani, nikabonyeza.